Katibu wa Wapenzi wa Salamu

Katibu hakupenda mtu aongee redio ikiwa imewashwa, na hakupenda mtu anyamaze ikishazimwa. Hapo ndipo alipokosana na watu. Sie wengine tulikuwa kinyume chake. Redio ikisema, nasi tunasema. Ikizimwa, kila mtu anabeba kigoda chake anakwenda kuangalia chungu chake. Yeye hubaki pale barazani kwangu, mikono juu ya magoti, anatusubiri turudi tuzungumze. Hakuna aliyerudi.

Jina lake ninalo. Mie majina hayanitoki, hata ya watu niliowasikia mara moja tu redioni ninayo mpaka leo. Lakini lake nitaliacha. Mtaa mzima ulimwita Katibu naye akaitikia, na aliwahi kuniambia kwamba jina lake limeshasomwa redioni vya kutosha.

Alipanga chumba cha uani kwangu Mwananyamala. Alikuja na kitanda, meza, redio ya betri na sanduku la bati. Alikuwa karani katika shirika moja la umma, na wakati ule mashirika yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine au yanauzwa, na wanaume waliozoea kurudi jioni wakaanza kuonekana mtaani saa nne za asubuhi wakiwa wamevaa mashati ya kazini. Wengine waliingia kwenye mitumba, wengine wakafungua vigenge. Katibu alijaribu kuuza sigara na peremende mbele ya nyumba yangu. Mteja akija kununua sigara moja, Katibu anamuuliza amesikia nini redioni na anakionaje. Mteja kesho yake anakwenda kigenge cha pili. Mwisho akawa anaandikia watu barua na kujaza fomu, na hilo alilimudu, maana pale mtu ndiye anayemhitaji yeye.

Wajukuu zangu hawajui kipindi cha salamu, kwa hiyo nieleze. Ilikuwapo redio moja tu ya nchi nzima. Unanunua kadi, unaandika jina lako na mahali unapokaa, halafu majina ya watu unaowasalimu, na chini kabisa kuna mstari wa ujumbe. Unaipeleka posta. Zinapita wiki, pengine miezi, ndipo mtangazaji anaisoma, na nchi nzima inasikia kwamba wewe upo Mwananyamala na unamsalimu shangazi yako wa Kilwa. Kisha unapigwa wimbo. Wengi walipeleka kadi sikukuu hadi sikukuu. Sie tulikuwa na chama.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Mshindo, fundi viatu. Mweka hazina Bi Havijawa, muuza maandazi. Alikuwapo Anyelwisye, Mnyakyusa, utingo wa malori, na mkewe Stamili. Nami nilikuwamo kwa kuwa baraza lilikuwa langu. Kila mmoja alikuwa na jina la redioni. Bi Havijawa alijiita Sauti ya Chuma. Anyelwisye alijiita Mtoto wa Tukuyu, na hakuwa mtoto. Vyama kama chetu vilikuwapo Temeke, Manzese, Buguruni, mpaka Tabora na Songea. Watu wale hatukuwahi kuwaona nyuso, lakini Mpole wa Ifakara akivunjika mguu sie huku tunachanga. Kadi ya mwenzako ikisomwa majina kumi na lako halimo, unalala na kinyongo. Nimeona watu wawili wa ukoo mmoja wasipeane mkono Idi kwa sababu mmoja alimtaja mwenzake wa nne.

Ujumbe ulikuwa kitu cha kumalizia tu. Pendaneni. Adui yako muombee njaa. Subira yavuta heri. Ungeweza kuukata ukaubandika kwenye kadi ya mwingine na mtu asijue.

Katibu ndiye aliyeuliza maswali. Kadi yake ya kwanza kusomwa tukiwa naye barazani ilikuwa na ujumbe huu: mtu akisamehe jambo ambalo hajalisahau, amesamehe kitu gani? Mtangazaji akasoma mpaka mwisho, akacheka, akasema, "Haya jamani, Katibu wa Mwananyamala kaamka na maswali! Twende na wimbo." Wimbo ukapigwa. Bi Havijawa akapiga kigelegele kwa kuwa jina lake lilikuwa la tatu.

"Hongera, Katibu! Umesomwa!"

"Nashukuru, dada. Lakini swali umelisikia?"

"Nimelisikia sana, zuri. Mbona Stamili umemtanguliza kuliko mie?"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa miaka yote. Anaweka swali, watu wanalipokea kama mtu anavyopokea chai ya moto, kwa ncha za vidole, anatafuta pa kuitua. Mzee Mshindo alimpenda sana, alikuwa akisema hakuna chama Dar es Salaam nzima chenye katibu mwenye mwandiko kama huo. Na kweli, wengi wetu kadi zetu alituandikia yeye. Mie nilisoma ngumbaru, ukubwani, naweza kusoma polepole, kuandika mkono unaniuma. Alikuwa akituandikia pendaneni zetu zote bila kubadilisha hata neno, na akimaliza anaukausha wino kwa kuupuliza.

Nyimbo zilikuwa ugonjwa wake mwingine. Mtu mwingine akisikia wimbo anasema mzuri au mbaya, au anauliza wamepiga watu gani. Katibu alitaka kujua watu walio ndani ya wimbo wana nini. Kulikuwa na wimbo mmoja wakati ule unapigwa karibu kila siku. Mume alikwenda machimboni akakaa sana, alipokuja kurudi akakuta mkewe ameupaka mlango rangi ya kijani. Anasimama pale nje, na wimbo unaishia pale nje. Vijana waliupenda kwa gitaa lake.

Katibu akauleta kwenye kikao. Nakumbuka tulikuwa tumekaa kuchagua kitambaa cha sare.

"Jamani, nina jambo," akasema. "Ule wimbo wa mlango. Kwa nini yule mama aliupaka?"

"Malaya," akasema Anyelwisye.

"Sijauliza yeye ni nani. Nimeuliza kwa nini aliupaka."

"Ndiyo nakujibu, Katibu. Mume yuko machimboni. Rangi kanunua nani?"

Bi Havijawa akamgeukia. "We Anyelwisye, mwanamke hawezi kununua kopo la rangi? Maandazi yangu haya yamepaka nyumba nzima, ndani na nje!"

"Nyumba ya mume yupi sasa, dada? Wa Kisarawe au yule wa bandarini?"

"Mwache mume wangu wa bandarini, marehemu hasemwi. Na wewe mkeo unamlaza kwenye nyumba ya udongo, huna hata mlango wa kupaka!"

"Mie simo," akasema Stamili. "Mkitukanana msinitie."

Mzee Mshindo akagonga chini kwa kiatu alichokuwa akikishona. "Ajenda! Ajenda ni kitambaa! Cha maua au cha mistari?"

Wakashika njia ya kitambaa, wakabishana mpaka magharibi. Cha maua kilishinda. Katibu aliandika yote aliyoambiwa aandike. Baada ya watu kuondoka nikamuona bado amekaa, nami nikasema nimpoze. Nikamwambia labda ule mlango wa zamani ulikuwa umeanza kuliwa na mchwa.

Akanitazama. "Hilo ni jibu la fundi seremala, Mama Salumu."

Niliingia ndani. Nilimnunia wiki nzima. Mwisho akaniletea mafungu mawili ya mchicha, akayaweka mlangoni bila neno, nami nikayapika.

Ndivyo alivyokuwa. Alilia kwamba hakuna anayemjibu, na ukimjibu anakupima. Ukisema upesi, anasema umelikimbia swali. Ukisema ndiyo, anasema hilo ni jibu la swali jingine. Chai aliinywa bila sukari ili asimgawie mtu sukari, lakini stempu alinunulia chama kizima kutoka mfukoni mwake. Umbea aliuchukia, na hakuna aliyejua habari za watu kumzidi, maana ndiye aliyewaandikia barua. Hakupata kutoa hata siri moja. Alikuwa mjane, mkewe alimfia zamani, na hata hilo nililijua kwa mtu mwingine.

Siku moja nilimuuliza, kama chama hiki hakikufai, si ukiache? Alikuwa anasafisha betri, anazianika juani zipate nguvu kidogo.

"Niende wapi?" akasema. "Hapa angalau wimbo wenyewe wameusikia."

Basi akapeleka swali lile redioni. Kwa nini aliupaka mlango? Likasomwa, mtangazaji akasema aulizwe fundi rangi. Siku zikapita. Tulishasahau, sare zilishashonwa, ndipo siku moja mchana ikasomwa kadi ya mtu anayejiita Mshonaji wa Buguruni. Hatukuwa tukimjua vizuri, alikuwa mtu wa kadi chache. Akasema, namsalimu kwanza Katibu wa Mwananyamala, kisha akataja watu wake. Na ujumbe wake ulisema: mlango ni wa anayeuona kila siku.

Mtangazaji hakusema kitu, labda hakuelewa. Wimbo ukapigwa.

Nilikuwa nachambua mchele. Katibu hakutikisika. Kipindi kikaisha, ikaja taarifa ya habari, ikaja michezo, na yeye ambaye betri zilimuuma hakuizima redio. Kisha akasema, kama anasema na kikombe chake, "Mimi nilikuwa nimesimama na mume muda wote. Nje pale. Sikuwahi kuingia ndani nikakaa na yule mama."

Akaandika kadi jioni ileile. Namsalimu kwanza Mshonaji wa Buguruni. Ujumbe: je, na aliyekuwa akiukumbuka kila siku?

Kadi zilikwenda na kurudi hivyo. Kila swali lilingoja miezi. Jibu la Mshonaji lilipokuja lilisema, anayekumbuka hachoki na rangi, anayetazama huchoka. Katibu aliishi na maneno hayo msimu mzima wa mvua. Alinieleza mara nyingi, na zamu hii hakunipima, alinieleza tu. Akasema yule mtu hajibu ili kumshinda. Anachukua swali, analisogeza mbele kidogo, anakurudishia. Akasema hajui ni mzee au kijana, ana wazazi au hana, na hataki kujua, kwa kuwa akijua ataanza kumsikia kwa masikio mengine. Akaanza kunyoa ndevu siku za kipindi. Akanunua betri mpya. Siku moja nilimsikia chumbani kwake anaimba, sauti mbaya, nikamwambia mjukuu wangu Mwantumu aache kucheka.

Nisiseme uongo, ilikuwa raha kumuona hivyo. Nilipika nikiwa nasikiliza.

Ila chama nacho kilikuwa kinasikiliza, na chama kilikuwa na ada zake. Jina la kwanza kwenye kadi si la kila mtu. La kwanza ni la mama yako, au la mtu unayetaka kumuoa. Anyelwisye alimpata Stamili hivyohivyo, yeye Mwananyamala, mwenzake Mbagala, wakatanguliziana majina redioni mpaka Mzee Mshindo akasema inatosha sasa, akatuma washenga. Harusi ile tuliicheza chama kizima. Kwa hiyo mwanamume mjane na mwanamke wa Buguruni wanatanguliziana majina mwaka mzima, kila mpenzi wa salamu alishajua linaloendelea. Maneno ya mlango waliyaona ni mafumbo ya wakubwa. Hakuna aliyeyachunguza. Walihesabu jina la kwanza tu.

"Katibu mwoga," alisema Bi Havijawa. "Anajua kuuliza, hajui kuposa."

Walipanga bila yeye, kama ada inavyotaka, maana mposaji hajipeleki. Mie walinificha, walijua nakaa naye nyumba moja. Waliniambia wanakwenda Buguruni kumtazama mgonjwa. Niliwaona wakiondoka asubuhi, wamevaa sare za maua, Anyelwisye amebeba kapu, Stamili amejipaka wanja. Nikaona ni mgonjwa mwenye bahati.

Katibu alikuwa uani anamwandikia mtu barua ya mirathi. Akauliza wanakwenda wapi na sare. Nikamwambia kwa mgonjwa. Akasema wangemwambia naye angekwenda.

Yaliyotokea Buguruni nimesimuliwa na Stamili, na Stamili haongezi chumvi. Mwenyekiti wa chama cha Buguruni, Mzee Kibwana, aliwapokea sokoni, akawaonyesha nyumba, ambayo naye alikuwa ameelekezwa tu, akaungana nao, naye aliamini ni posa. Waliingia uchochoro ule kwa vigelegele. Watoto wakafuata, majirani wakatoka na mikono ya unga. Barazani kulikuwa na mwanamke wa makamo kwenye cherehani na mzee mmoja mfupi anakatakata vitambaa. Wakakaribishwa, wakaletewa mkeka.

"Karibuni sana," akasema mzee. "Kuna heri?"

"Heri tupu, mzee wetu," akasema Mzee Mshindo. Akakohoa, akaanza maneno ya posa. "Sie ni wapita njia. Tumepita tukaona ua bustanini kwako, tukasema tubishe hodi, tumuulize mwenye bustani kama linachumwa."

"Ua gani?"

"Huyu Mshonaji."

Mzee akaweka mkasi chini. "Huyu mama wa wanangu?"

Stamili anasema hapo ndipo Bi Havijawa alipokuwa tayari ameshaanza kigelegele cha pili, na kilimkatikia kooni. Majirani walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mtu mmoja kule nyuma akapaza sauti, "Mzee, mke keshaposwa ukiwa hai!" Kapu la Anyelwisye lilikuwa na kanga, udi na barua ya posa iliyofungwa kwenye leso, na Anyelwisye hakujua alirudishe mgongoni au aliache pale mkekani.

Yule mzee hakukasirika. Stamili anasema ingekuwa nafuu angekasirika. Alisema anazijua hizo kadi, ndiye anayezipeleka posta, na jioni hukaa na mkewe wanabishana juu ya hayo maswali. Kisha akawatazama majirani waliojaa uchochoroni, akasema, "Lakini sasa limeshakuwa hili. Basi tena."

Mwanamke mwenyewe alikuwa amesimamisha cherehani. Alisema neno moja tu. "Ni mlango tu tulikuwa tunauzungumza."

Walirudi alasiri. Katibu alikuwa ameshamaliza barua ya mirathi, amekaa barazani. Wakamwambia. Hawakumficha, Mzee Mshindo hakuwa mtu wa kuficha, ila walimwambia kwa kicheko, wakisaidiana maneno, Bi Havijawa anaigiza jinsi mzee alivyoweka mkasi chini. Walidhani watacheka wote yaishe. Anyelwisye akampiga bega. "Pole braza, mzigo ulikuwa na mwenyewe."

Katibu aliwasikiliza mpaka wakamaliza. Akauliza, "Yeye mwenyewe alisema nini?"

"Nani, Mshonaji?" Bi Havijawa akabana sauti yake iwe nyembamba. "Ati, ni mlango tu tulikuwa tunauzungumza!"

Wakacheka tena. Katibu akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa bei na kuikubali. Akasema, "Ahsanteni kwa kujisumbua." Akauliza kama wamekula. Hawakuwa wamekula. Nikapakua.

Kadi ya Mshonaji haikusomwa tena, wala siku hiyo, wala mwaka ule. Katibu alipeleka moja ya kuomba radhi. Hakutaja mtu yeyote kwanza. Ujumbe ulisema: naiomba radhi nyumba nzima. Ilipokuja kusomwa mtangazaji akasema, "Haya, yamemkuta!" na wimbo uliopigwa sikuusikiliza.

Chama kilijua ana huzuni na kilimhurumia. Walidhani ni mapenzi. Bi Havijawa alimtafutia mjane mmoja Tandale, mwanamke mzuri tu, mwenye chumba chake. Anyelwisye alimletea ndizi kutoka safari. Mzee Mshindo alimshonea viatu bure. Waliuliza hali yake kila siku, na kila siku alijibu nzuri. Hakuna aliyemuuliza ule mlango ulifikia wapi. Mie nilitaka kumuuliza, nilikuwa na wazo langu juu ya maneno ya kukumbuka na kutazama, lakini nikaona nitaonekana nachokoza, nikaacha, na nilivyoacha sikuhisi kitu. Nilikuwa nina nguo za kufua.

Aliendelea kuwa katibu. Alituandikia kadi zetu kama zamani, akapuliza wino. Kwenye zake, ule mstari wa ujumbe akaanza kuandika pendaneni. Wa kwanza kuona alikuwa Mzee Mshindo, akafurahi, akasema sasa Katibu amekuwa mtu wa chama.

Baadaye akapata chumba Manzese, karibu na mtoto wa dada yake aliyekuwa na karakana ya kuchomelea mageti. Akabeba kitanda, meza, redio na sanduku. Nilimsindikiza mpaka kwenye mkokoteni. Alinilipa kodi yote na akanishukuru kwa mchicha, ingawa mchicha alinipa yeye. Nikadhani atakuja kutuona, hakuja. Mzee Mshindo alifariki. Redio za watu binafsi zikaja, zikawa nyingi, vijana wanapiga simu moja kwa moja wanajisikia palepale, nani atangoja kadi? Chama hakikuvunjwa. Watu waliacha tu kuja, na sare tukazifanya za kuvaa nyumbani.

Nilikuja kumuona mara moja tu tena. Nilikuwa Manzese, nimekwenda kupiga simu Tanga, kwani binti wa dada yangu, Mwanakheri, alikuwa amejifungua. Kulikuwa na duka pale barabarani la simu ya kulipia. Dukani redio imewashwa, kijana mtangazaji anaongea kama anafukuzwa na mbwa. Mbele yangu kwenye foleni kulikuwa na wazee wawili na msichana. Aliyeshika mkono wa simu kanipa mgongo, kofia yake imechakaa nyuma. Ikasikika sauti yake dukani na redioni kwa pamoja, mpaka mwenye duka akapunguza redio.

"Halo, mzee wetu, shikamoo! Uko wapi?"

"Marahaba. Manzese."

"Manzese imetulia! Haya, swali letu la leo unalo? Mwanamume akimpikia mkewe, ni mapenzi au ni kutawaliwa? Chagua moja mzee, watu wengi!"

Nikangoja. Nilimjua kwa jinsi alivyoinamisha shingo. Nikasema sasa huyu kijana atajuta, sasa ataulizwa amempikia nini, na siku gani, na mke mwenyewe alikuwa na njaa au hakuwa nayo.

"Mapenzi," akasema Katibu.

"Safi sana! Mapenzi inaongoza! Unawasalimu nani?"

"Wote wanaonifahamu."

"Tupo pamoja mzee wangu!" Na simu ikakatwa.

Akalipa, akageuka, akaniona. Alikuwa amekonda, meno ya mbele hayapo. Akafurahi, hilo nalisema, alifurahi. "Mama Salumu! Habari za Mwananyamala?"

"Salama. Nimekusikia redioni."

"Ah. Napita tu hapa, napiga." Akanyoosha kofia. "Wanapokea haraka siku hizi."

"Kweli ni mapenzi?"

"Nini?"

"Hilo la kupika."

"Walisema chagua moja," akasema.

Akaningoja nipige simu yangu, nikaongea na Mwanakheri, mtoto wa kike, wamempa jina la mama yangu, Zaituni. Tukatoka tukatembea pamoja kando ya barabara, magari ni mengi na vumbi, yeye upande wa nje kama mwanamume anavyotembea na mwanamke. Nikamwambia nani amekufa na nani yu hai. Nikamtajia wote kwa majina. Nikamwambia nimepata mjukuu kule Tanga, na mama yake alivyokuwa hataki kuzaa hospitali, akazaa, na jinsi mumewe hakuja kumuona mpaka siku ya tatu, alipofika akasimama mlangoni pa wodi hakuingia. Nilimweleza kirefu kuliko ilivyohitajika. Nilinyamaza katikati, mara mbili tatu, nikampa nafasi.

"Mungu amkuze," akasema.

Tukafika njia panda. Akanielekeza wapi nivukie, akasema niwe mwangalifu na pikipiki, akanipa mkono. Hakuniuliza kitu.